Nyumba Iko Nakuru, Mwenyewe Yuko Ng'ambo: Maji Wakati wa Ukame

Mwenye nyumba za kupangisha Nakuru, Kenya, anayeishi Doha, Dallas au Manchester hupata habari za ukame kwa kuchelewa, na mara nyingi huzipata kutoka kwa mpangaji anayesema kwamba anahama. Mvua za masika hutarajiwa kuanzia Machi hadi Mei, kwa hiyo Januari na Februari ni miezi ya kujihadhari hata katika mwaka wa kawaida. Mvua zikikosekana misimu mfululizo, kama ilivyotokea kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, mgao wa maji hurefuka na kila kosa dogo ndani ya ploti hugeuka kuwa shida ya familia nyingi. Wanaoumia mapema ni wapangaji wa ploti ambayo hakuna mtu aliyepewa mamlaka ya kuamua wala pesa za kutengeneza kitu, na hilo mwenye nyumba anaweza kulirekebisha akiwa popote duniani.

Ni vizuri kwanza kujua nani anasimamia nini. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha, na huduma yenyewe ni jukumu la kaunti. Mjini Nakuru maji ya bomba husambazwa na NAWASSCO, kampuni ambayo pia hupanga zamu za mgao. WASREB ni bodi inayodhibiti kampuni za maji, na WRA ndiyo mamlaka inayosimamia mito, maziwa na maji ya chini ya ardhi. Sheria ya Maji ya 2016 inaweka matumizi ya nyumbani mbele ya matumizi mengine yote. Kwa hiyo mwenye biashara ya kuosha magari, nyumba ya wageni au shamba la kumwagilia aelewe kwamba kibali chake cha kuvuta maji hakimpi haki ya kuwatangulia majirani wanaotafuta maji ya kunywa, na kwamba masharti ya kibali hicho yanaweza kubadilishwa maji yakipungua.

Hesabu ya tangi haiepukiki. Ploti ya familia nane zenye watu wanne kila moja ina watu 32, na kila mtu akitumia lita 40 kwa siku, ambazo si nyingi, zinahitajika lita 1,280. Tangi la lita 5,000 halifikishi siku nne. Ikiwa zamu ya mtaa huo ni mara moja kwa wiki, hata matangi mawili ya ukubwa huo yatatosha kwa shida. Maji ya mgao mara nyingi huja usiku, watu wakiwa wamelala, na hapo ndipo kifaa kidogo kinachoelea tangini na kuufunga mfereji tangi linapojaa kinapoamua mengi. Kikiwa kimevunjika, maji humwagika hadi alfajiri, mita inahesabu, na wiki inayofuata ploti nzima inanunua maji kwa mitungi. Agiza kikaguliwe kabla ya Januari, kisha utumiwe picha ya kifaa chenyewe, kwa kuwa picha ya tangi kwa nje haikuambii lolote.

Kuna fundi atakayekushawishi kuunganisha pampu moja kwa moja kwenye bomba la kampuni ili uyavute maji yanapokuwa hafifu. Usikubali. Pampu hiyo inawanyonya majirani, na bomba lenye nyufa huvuta pia maji machafu yaliyo udongoni. Maji yaingie kwanza tangi la chini kwa nguvu yake yenyewe, ndipo pampu iyapandishe juu.

Jambo linalozungumzwa zaidi na walio ng'ambo ni kuchimba kisima, na kwa maoni yangu ndilo linalofikiriwa kwa haraka kuliko yote. Kisima kirefu hakichimbwi kwa sababu tu kiwanja ni chako, maana sheria inayahesabu maji yaliyo chini yake kuwa mali ya taifa. Utahitaji ripoti ya mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi aliyesajiliwa, tathmini ya mazingira kupitia NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, idhini ya WRA kabla ya mtambo kufika, na kibali cha kutumia maji baada ya kisima kupimwa. Ofisi ya WRA ya bonde la Rift Valley iko Nakuru, kwa hiyo ndugu yako anaweza kwenda kuuliza kama faili yako ipo kabla hujalipa mchimbaji hata shilingi. Ukikusudia kuwauzia majirani maji, uliza pia kuhusu leseni ya huduma ya maji.

Hata kisima kikipata maji mengi, bado kuna floridi. Maji ya chini ya ardhi katika sehemu nyingi za Nakuru na Bonde la Ufa yana floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisipitwe. Watoto wanaokua wakiyanywa hupata meno ya kahawia, na yakinywewa miaka mingi kwa kiwango kikubwa hudhuru mifupa. Kuchemsha hakusaidii, kwa sababu maji hupungua na floridi ikabaki palepale. Pima maji maabara kabla ya kuruhusu mtu kuyanywa. Yakizidi kiwango, yatumike kufulia na kusafishia choo, na ya kunywa yapitishwe katika chujio la mkaa wa mifupa, ambalo nalo hubadilishwa mkaa wake kila unapoisha nguvu.

Kwa wazazi wako wanaoishi Njoro, Molo au Bahati, mimi ningeanza na kuvuna maji ya mvua kwenye mabati. Milimita moja ya mvua juu ya paa la mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo paa la mita 100 za mraba likipata milimita 20 hutoa karibu lita 2,000, ukiondoa zinazopotea. Mvua ya kwanza imwagwe, kwani huosha vumbi na kinyesi cha ndege. Tuma pesa za mifereji ya paa mwezi wa Februari ili fundi amalize kabla ya masika, na umwombe mtu mwenye nguvu apande kusafisha paa, badala ya baba mwenye umri wa miaka 70.