Kutambua aina ya Leptospira kwa DNA, kutoka kwenye damu ya mgonjwa

Uliza kwanza homa ilianza lini. Leptospira, bakteria wa homa ya mgunda, hukaa kwenye damu takriban wiki ya kwanza. Baadaye watafute kwenye mkojo. Chukua mililita 5 za damu kabla mgonjwa hajaanza antibayotiki, kwenye chupa ya EDTA (kizuia damu kuganda) yenye kifuniko cha zambarau. Usitumie ya heparini, huzuia PCR (kipimo kinachonakili DNA mara nyingi). Mkojo nao usikae: asidi yake huwaua, kwa hiyo uanze kuushughulikia ndani ya saa 2.

Chuja sampuli kwa PCR ya jeni lipL32, ambayo wanayo Leptospira waletao ugonjwa pekee. Ct (mzunguko ambao DNA huanza kuonekana) ikipita 35, DNA ni kidogo mno. Kusoma mfuatano wa herufi zake ni kutupa fedha.

Sampuli zilizobaki zikuze kwa praima (vipande vifupi vya kuanzishia PCR) G1 na G2, zinazotoa kipande cha jeni secY chenye bezi (herufi za DNA) 285. Mizunguko 35 kwa nyuzi 55 inatosha. Tatizo ni kwamba jozi hii haimkamati L. kirschneri, na kwa Tanzania hilo si dogo: serova (aina ndogo inayotofautishwa kwa kingamwili) Sokoine, iliyopatikana kwa ng'ombe Morogoro, ni ya spishi hiyo hiyo. Kwa hiyo lipL32 ikiwa chanya na G1/G2 hasi, usikimbilie kuandika "hakuna". Rudia kwa B64-I na B64-II, utafute bezi 563. Ila kipande hiki ni cha jeni nyingine, flaB. Usikipange kwenye mti mmoja wa ukoo na vya secY.

Soma mfuatano pande zote mbili. Ukiona kwenye grafu vilele viwili mahali pamoja, usichague kirefu: huenda sampuli imechafuka au ina aina mbili. Angalia kidhibiti hasi (sampuli tupu ya kulinganishia) ulichokianzisha tangu hatua ya kutoa DNA, si kile cha PCR tu.

MLST (kutambua aina kwa kusoma jeni kadhaa) ya jeni 7 hutaka DNA nyingi, hivyo ni afadhali uwe na bakteria waliooteshwa. Weka matone mawili ya damu kwenye mililita 5 za EMJH, kimiminika cha kuoteshea Leptospira (ikizidi, damu yenyewe huzuia ukuaji), nyuzi 28 hadi 30, ukikagua kwa darubini ya uwanja wa giza hata wiki 13. Ikivamiwa na vijidudu vingine, pitisha kwenye kichujio cha mikromita 0.22: Leptospira ni wembamba, hupenya.

Kwenye ripoti andika spishi na jeni uliyosoma. Serova iache wazi mpaka ipimwe kwa antisera (majimaji ya damu yenye kingamwili), maana serova moja yaweza kuwamo ndani ya spishi zaidi ya moja.