Pabu ndogo za Thanet kwa siku moja: kutoka Ramsgate hadi Margate

Ndugu na jamaa wakija Uingereza, wengi huniomba niwapeleke "baa ya Kizungu yenyewe". Zamani niliwapeleka London. Walikunywa bia baridi ileile waliyoizoea nyumbani, kwa bei ya kuumiza, muziki ukiwapigia masikioni. Siku hizi nawapeleka Thanet, ncha ya mashariki ya Kent, kwenye miji mitatu ya pwani iliyofuatana: Ramsgate, Broadstairs na Margate. Huko kuna pabu ndogo sana, nyingine ukubwa wa duka la mtaani, zinazouza bia ya kutoka kwenye pipa. Safari hii nimeipanga mara nyingi, na nyakati nyingine niliipanga vibaya. Hapa naeleza namna ninavyoifanya sasa.

Hatua ya 1: Ijue bia kabla ya kuchagua pabu

Usiruke sehemu hii, kwa sababu ratiba nzima inatokana nayo.

Bia ya pipa, ambayo Waingereza huiita real ale, ni kitu kilicho hai. Haichujwi wala haichemshwi ili kuua hamira. Inapelekwa kwenye pabu hamira ikiwa bado inafanya kazi ndani ya pipa, na inamalizia kuiva palepale. Aliyekulia Kilifi au Malindi hahitaji maelezo marefu. Mnazi ulioteremshwa asubuhi ni mtamu, wa alasiri umeshabadilika, na wa kesho yake ni siki. Bia ya pipa nayo ina saa zake, ila mwendo wake ni wa polepole zaidi. Pipa likishafunguliwa hewa huingia, na baada ya siku tatu hivi ladha huanza kuanguka.

Sasa piga hesabu. Pipa la kawaida lina galoni 9, yaani painti 72, karibu lita 41. Mwenye pabu asipouza painti 72 ndani ya siku tatu, za mwisho zitakuwa zimechoka. Ndiyo maana pabu yenye pampu kumi na wateja wanne hainivutii hata kidogo. Naitafuta yenye bia tatu au nne zinazokwenda haraka, na naenda siku ambazo watu wapo.

Ukaribu wa kiwanda nao una maana. Kent ni nchi ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu yake, na aina ya East Kent Goldings inajulikana duniani kote. Kiwanda cha kutafuta Thanet ni Ramsgate Brewery, kinachouza kwa jina la Gadds'. Kilianza Ramsgate mwaka 2002, na sasa kiko Broadstairs. Bia zake tatu maarufu zinaitwa kwa namba, na namba hizo humchanganya mgeni: Na. 7 ina kilevi asilimia 3.8, Na. 5 ina 4.4 na Na. 3 ina 5. Namba ikipungua, nguvu inaongezeka. Anza na 7.

Kama kuna asiyekula samaki katika kundi lako, mwambie aulize. Bia nyingi za pipa husafishwa kwa dutu inayotengenezwa kwa mabondo ya samaki, kiungo kilekile ambacho wavuvi wa Ziwa Victoria humtoa sangara na kukiuza ghali. Zipo zisizotumia, na mwenye pabu atakuonyesha.

Hatua ya 2: Chagua siku

Alhamisi, Ijumaa au Jumamosi. Jumatatu na Jumanne pabu ndogo nyingi hufunga kabisa. Nyingine hufunga pia katikati ya alasiri, kisha zikafungua tena saa kumi na moja, na saa tatu au nne usiku zimekwisha. Wengi wa wenye pabu hizi wanafanya kazi peke yao au na mke au mume. Mmoja akiugua, mlango haufunguki. Siku moja kabla ya safari pitia kurasa zao au uwapigie simu, moja baada ya nyingine.

Wiki ya pili ya Agosti, au hapo karibu, Broadstairs huwa na tamasha lake la muziki wa asili, Folk Week, lililoanza mwaka 1965. Ni siku za shangwe, lakini kupata kiti au kitanda ni kazi. Mimi napenda zaidi Oktoba na Machi. Baridi ipo, upepo wa Bahari ya Kaskazini unapenya hadi kwenye mifupa, lakini ukiingia chumba kidogo chenye joto na watu kumi na wawili utafurahi ulikuja.

Hatua ya 3: Anza Ramsgate, malizia Margate

Wengi hufanya kinyume kwa kuwa Margate ndilo jina wanalolijua. Nami nilifanya hivyo mwanzoni, na nikajuta. Stesheni ya Ramsgate haiko baharini. Kutoka bandarini ni mwendo wa karibu nusu saa, sehemu kubwa ni kupanda. Usiku mmoja wa Februari nilikuwa na binamu zangu wawili kutoka Malindi. Tulitoka pabuni tukidhani stesheni iko mtaa wa pili. Tulifika jukwaani taa nyekundu za treni zikiishia gizani. Tulikaa kwenye benchi la chuma zaidi ya saa nzima, binamu mmoja amejifunga kanga ya mkewe shingoni, hasemi neno.

Stesheni ya Margate iko hatua chache kutoka mchangani. Halafu ufuo wa Margate unatazama upande wa machweo, jambo la nadra kwenye pwani ya mashariki. Kwa hiyo anza kule kwenye mlima ukiwa na nguvu, na uishie hapa jua linapozama mbele yako.

Treni za kasi hutoka St Pancras, London, na hadi Ramsgate ni saa moja na robo hivi. Tiketi ya treni za kawaida haikubaliwi kwenye treni ya kasi bila kuongeza pesa, kwa hiyo soma vizuri kilichoandikwa kabla ya kulipa. Mkiwa watu 3 hadi 9 mnaosafiri pamoja nje ya saa za msongamano, ulizeni punguzo la kundi la GroupSave. Ni theluthi nzima ya nauli. Usije na gari. Hata dereva asiyekunywa atajikuta anahangaika na maegesho siku nzima.

Hatua ya 4: Punguza idadi

Pabu nne, zikizidi tano. Nimewahi kuona watu wamebeba orodha ya kumi na mbili. Jioni walikuwa hawakumbuki hata moja, na hawakuzungumza na mtu yeyote.

Kila mahali agiza nusu painti. Hakuna anayekucheka. Painti moja ni mililita 568, na ikiwa bia ina kilevi asilimia 4, painti hiyo ni karibu yuniti 2.3, yuniti ikiwa ndicho kipimo cha kilevi cha Waingereza. Ushauri wa afya wa Uingereza ni kutozidi yuniti 14 kwa wiki nzima. Nusu sita za bia hiyo ni karibu yuniti 7, yaani umeshatumia nusu ya wiki kwa siku moja. Pabu nyingine huuza pia theluthi ya painti, na kwa anayetaka kuonja aina nyingi hicho ndicho kipimo bora.

Maji ya bomba ni haki yako. Sheria ya leseni ya Uingereza inailazimu baa kukupa bure ukiomba. Omba kila mahali.

Kuhusu pesa, Waingereza hununua kwa raundi kama sisi: mmoja analipia wote, kisha zamu inazunguka. Mkiwa sita, zamu zote zikitimia ni glasi sita, na mwenye aibu hunywa asichokitaka. Sisi huchanga asubuhi kwenye treni, mtu mmoja anashika mfuko, kila mtu anaagiza anachoweza.

Hatua ya 5: Ramsgate, saa sita mchana

Kula kwanza. Pabu ndogo hazipiki. Utapata mayai ya siki, karanga na vitafunio vya ngozi ya nguruwe, ambavyo wenzako wasiokula nguruwe wanapaswa kutahadharishwa kwa sababu pakiti zake zinafanana na za krispi. Shuka bandarini, kwenye Bandari ya Kifalme iliyopewa heshima hiyo na Mfalme George wa Nne mwaka 1821, ununue samaki na chipsi. Pale ufukweni utaona jumba kubwa jeupe, Royal Victoria Pavilion, lililogeuzwa mwaka 2017 kuwa pabu kubwa kuliko zote Uingereza. Lipitie, litazame, kwa sababu linakupa kipimo cha kile unachokwenda kuona baadaye.

Kisha panda hadi York Street, kwenye Hovelling Boat Inn. Jina hilo linatokana na mashua za wenyeji waliokuwa wakizikimbilia meli zilizopata shida kwenye Goodwin Sands, mafungu ya mchanga yaliyo baharini.

Hapa jifunze kuingia. Ukisukuma mlango, watu watageuka wakutazame. Si ubaya. Sema hello kwa chumba kizima, kama unavyopiga hodi barazani, na watakujibu. Katika pabu hizi watu hukaa wakitazamana, hakuna televisheni wala muziki, na mgeni huingizwa kwenye mazungumzo hata kabla hajavua koti. Nimeishi Uingereza miaka mingi, na sijaona kitu kingine kinachofanana hivi na baraza la kahawa la kwetu. Wazee wanabishana kuhusu mpira, bei ya samaki, nani kafa. Wageni wangu wanapofika hapo huacha kunong'ona.

Chumba cha aina hii kilizaliwa hukuhuku Kent. Mwaka 2005 Martyn Hillier aligeuza bucha ya zamani katika kijiji cha Herne kuwa pabu na kuiita The Butcher's Arms. Sheria mpya ya leseni iliyoanza Novemba mwaka huo ilirahisisha mtu mdogo kupata kibali, na wengine wakaiga: kwenye duka la maua, saluni, benki iliyofungwa. Sasa ziko mamia nchini.

Kuagiza: nenda kaunta, usisubiri mezani. Soma ubao. Kibao chenye jina la bia kwenye pampu kikiwa kimegeuzwa kinyumenyume, bia hiyo imekwisha au haijawa tayari. Uliza swali moja tu: "Pipa gani limefunguliwa karibuni?" Mwenye pabu mwenye kuipenda kazi yake atafurahi na atakupa uonje. Mara nyingi mapipa yako chumba cha nyuma chenye ubaridi, nyuzijoto 11 hadi 13. Ataingia na glasi, utasikia bilula ya mbao ikigeuzwa, kisha kimya kifupi. Glasi inarudi imejaa hadi ukingoni, povu jembamba, bia inang'aa rangi ya chai ya strungi. Inue kwenye mwanga. Inuse kabla ya kunywa. Ikinuka siki, irudishe kwa upole, watakubadilishia.

Haitakuwa na ubaridi wa friji. Mpe mgeni wako dakika tano kabla hajatoa hukumu.

Hatua ya 6: Broadstairs

Treni ni dakika tano, au panda basi la Loop linalozunguka miji yote mitatu. Kikomo cha nauli ya basi kwa safari moja kilipanda kutoka pauni 2 hadi 3 Januari 2025.

Karibu na pwani pabu zimesongamana Albion Street, lakini mimi huwapeleka wageni St Peter's, ndani kidogo, kwenye Yard of Ale, iliyokuwa zizi la farasi. Hapa ndipo pa kuuliza Gadds', kwa kuwa kiwanda kiko mjini humuhumu.

Hatua ya 7: Tembea, au usitembee

Kutoka Broadstairs hadi Margate kwa njia ya pwani ni kilomita 9 hivi. Utapita mnara wa taa wa North Foreland, wa mwisho Uingereza kuwa na watunzaji kabla ya kuachiwa mitambo mwaka 1998, kisha ghuba za Joss Bay, Kingsgate na Botany Bay. Tembea juu ya majabali, si chini. Maji yakijaa hufika hadi kwenye ukuta wa chokaa, na hapo huna pa kukimbilia. Mtu wa pwani anajua maji kujaa na kupwa, lakini usitegemee mazoea ya kwetu: angalia jedwali la siku hiyo. Giza likiwa limekaribia, au mmoja wenu amekunywa zaidi ya nusu mbili, pandeni basi.

Hatua ya 8: Margate na jua

Panga saa ya kufika kwa kufuata jua. Juni linazama baada ya saa tatu usiku, lakini Desemba kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo majira ya baridi ondoa pabu moja katikati ili uwahi.

Kwenye gati la mawe kuna Harbour Arms, chumba chembamba chenye viti nje. Ikijaa, Two Halves iko Marine Drive na inatazama bahari. Chukua nusu yako ya mwisho, Na. 3 ikiwepo, ukae nje hata kama kuna baridi. Mara ya mwisho nilikuwa na mama yangu mdogo, ambaye hanywi pombe kabisa. Alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili na kutazama maji yakipwa, mashua zikikaa matopeni moja baada ya nyingine, akasema panafanana na Lamu wakati wa kusi.

Kutoka gatini hadi stesheni ni dakika kumi na tano kwa mguu, ukifuata ufukwe. Inuka nusu saa kabla ya treni, na glasi irudishe kaunta mwenyewe.