Vihatarishi vitatu, ugonjwa mmoja: hesabu ya kuhara bila kumhesabu mtoto mara mbili

Hesabu hii inatafuta ni sehemu gani ya mzigo wa kuhara (wagonjwa na vifo) inatokana na vihatarishi, yaani vitu vinavyoongeza hatari ya kuugua: maji machafu, choo kibovu na mikono isiyonawiwa kwa sabuni. Mara ya kwanza nilipoipiga, kwa kata moja ya mlimani hapa Mwanza, nilimpelekea afisa afya jibu la asilimia 118. Akaitazama karatasi, akaniuliza: "Kijana wangu, hawa 18 wa ziada umewatoa Ukerewe?" Nilikuwa nimejumlisha tu asilimia za vihatarishi.

Hatua ya 1. Chagua ugonjwa mmoja. Hapa ni kuhara kwa watoto chini ya miaka mitano. Kichocho kiweke pembeni: hakimpati mtu asiyegusa maji yenye vimelea vyake, basi mzigo wake wote ni wa mazingira na hauhitaji hesabu hii.

Hatua ya 2. Tafuta wagonjwa. Vitabu vya MTUHA vya zahanati, vinavyoandikwa kila mgonjwa anayefika, ni mwanzo mzuri, ila mtoto aliyenunuliwa ORS (chumvichumvi za kuchanganya na maji) duka la dawa akapona hayumo humo. Uliza nyumbani: kuna mtoto aliyeharisha ndani ya wiki mbili zilizopita?

Hatua ya 3. Pima vihatarishi, nyumba kwa nyumba. Ukiuliza "Mnachemsha maji?" utajibiwa ndiyo kuanzia Igogo hadi Kirumba. Mimi hupiga hodi, nikamaliza shikamoo, nikasema: "Mama, naomba maji ya kunywa." Kisha natazama anachota wapi. Siku moja mama alifungua dumu la maji yaliyochemshwa, safi kabisa, akachovya kikombe ambacho mtoto alikuwa akichezea mchanga. Kwenye fomu nikaandika nilichokiona. Choo nacho kakione: palipojengwa juu ya mawe shimo haliendi chini, na mvua ikinyesha uchafu unateremka kwa jirani. Mwisho tazama kama sabuni iko karibu na choo au imefungiwa ndani.

Hatua ya 4. Tafuta mchango wa kila kihatarishi. P ni sehemu ya watoto wanaokutana nacho. R ni mara ngapi hatari yao inazidi ya wenzao, utaipata kwenye tafiti zilizochapishwa. Kanuni: P × (R − 1), gawanya kwa jibu hilohilo ukiongeza 1. Kwa namba za mazoezi tu: maji, P 0.5 na R 2, asilimia 33. Choo, 0.4 na 1.5, asilimia 17. Mikono, 0.7 na 1.4, asilimia 22.

Hatua ya 5. Unganisha. Ukijumlisha unapata 72, nawe umeshakosea. Chukua fungu la dagaa 100, kila mmoja ni mtoto aliyeharisha. Maji yanaondoa 33, wanabaki 67. Choo kinachukua asilimia 17 ya hao 67, si ya 100. Wanabaki 56 hivi. Mikono inachukua asilimia 22 ya hao, wanabaki 43 na kidogo. Mzigo wa pamoja ni kama asilimia 57.

Hata hii 57 huenda imezidi. Kanuni inachukulia kwamba vihatarishi havijuani, wakati nyumba isiyo na choo cha maana mara nyingi ndiyo hiyohiyo inayochota ziwani. Tena choo kibovu huambukiza kupitia maji hayohayo. Njia moja usiihesabu mara mbili. Ndiyo maana kila nyumba iwe na mstari wake mmoja kwenye jedwali, ujue ni ngapi zina vyote vitatu.

Hatua ya 6. Geuza iwe miaka ya afya iliyopotea. Kuhara kwa kiwango cha kati kumepewa uzito wa 0.188, kwenye kipimo cha 0 (afya kamili) hadi 1 (kifo). Mtoto akiugua siku nne: 0.188 × 4, robo tatu ya siku ya afya imepotea. Wagonjwa 1,000 wanafanya miaka miwili tu. Mtoto mmoja akifa na mwaka mmoja, unahesabu miaka yote aliyobakiza kwenye jedwali la umri wa kuishi, zaidi ya 50. Kwa hiyo vifo vifuatilie kwa mtendaji wa mtaa, kimoja kimoja, kabla hujazidisha jumla ya miaka kwa 0.57 kupata sehemu ya vihatarishi hivi vitatu.