Jinsi ya kukiona kichwa cha Romero na siri zingine za Doom

Kama ulimaliza Doom II, ile gemu ya kompyuta ya kupiga mashetani, ukadhani umemuua lile shetani kubwa la kwenye ukuta, pole, hukuliua lenyewe. Ulimuua John Romero, mmoja wa jamaa walioitengeneza hiyo gemu. Twende nikuonyeshe.

Kwanza chiti, yaani maneno ya siri ya kuidanganya gemu. Hufungui kiboksi chochote wala menyu, uko unacheza hivyohivyo unagonga tu herufi kwenye kibodi. iddqd hufi, idkfa unapewa silaha zote na funguo, idclip unapita kwenye kuta, na idclev ukimalizia na namba mbili inakutupa levo unayotaka. Anza na idclev DAIMA halafu ndo hizo zingine, maana ukihama levo kwa njia hii unabaki na bastola tu na chiti zote zimezimika, mimi nilisahau siku moja nikaingia katikati ya mashetani kifua mbele, sikumaliza hata nusu dakika. Na ugumu wa Nightmare usiuguse, huko iddqd na wenzake hazikubali.

Haya, Doom II, idclev30. Kabla hujafanya kitu sikiliza, bosi, yaani lile shetani la ukutani, akishakuona anaunguruma kitu ambacho hakieleweki kabisa, lakini ukikirekodi ukakigeuza kinyumenyume kumbe ni Kiingereza, Romero mwenyewe anasema ili ushinde lazima umuue yeye. Sasa piga iddqd na idclip, nenda mpaka kwenye ule uso, upite ndani yake kabisa. Nyuma ya ukuta kuna kichwa cha Romero kimechomekwa kwenye kijiti. Hicho ndo chenye uhai, pointi 250 tu, lile lisura lote la mbele ni picha ya ukutani, na makombora unayorusha kwenye tundu la kipaji cha uso yanamuumiza yeye huko ndani. Wenzake walikiweka kumtania, akakigundua, na badala ya kukitoa akaenda kurekodi ile sauti! Angalizo moja: vile viboksi anavyorusha bosi vinageuka mashetani, na shetani akitokeza hapohapo uliposimama unakufa hata kama una iddqd. Usizubae.

idclev31 inakupeleka kwenye levo ya kwanza ya Wolfenstein 3D, gemu yao ya 1992, wameijenga upya pamoja na askari wake wa Kinazi. (Kihalali unaingia kwa mlango wa siri wa levo ya 15, ila leo tuna haraka.) Kuna matoleo ya baadaye yaliyoondoa alama za Kinazi na askari wake, kwahiyo ukikutana na mazombi ya kawaida hujapotea njia. Ya 32 ndo tamu zaidi, ni levo ya bosi wa Wolfenstein ila bosi kabadilishwa, anakungoja Cyberdemon, lile shetani kubwa la Doom lenye mkono wa kurusha makombora, na ukimvuka unakuta watoto wanne wananing'inia wamevaa helmeti. Huyo ni Commander Keen, shujaa wa gemu yao ya 1990. Lazima uwapige wote wanne ndo njia ya kutokea ifunguke. Ukatili tu, sijui walikuwa wamechoshwa naye kiasi gani.

Rudi sasa Doom ya kwanza, ya 1993, iwe toleo kamili maana la bure lina episodi moja tu. Hapa idclev32 sio levo ya 32, ni episodi ya 3 levo ya 2. Bonyeza Tab ufungue ramani, ramani ikiwa wazi gonga iddt, levo yote inajichora na unaona mkono mzima na vidole vyake, kumbe muda wote unakimbia juu ya kiganja. Ukitaka kupita kuta kwenye Doom hii ya kwanza, idclip haifanyi kazi, andika idspispopd, ambayo imetoka kwenye utani wa mashabiki mtandaoni kabla gemu haijatoka.

Iliyobaki haina chiti. Cheza episodi ya 2 kihalali, na kila ukimaliza levo usiharakishe kubonyeza, itazame ile ramani inayotokea. Kuna mnara unajengwa kidogokidogo. Ni Mnara wa Babeli, levo ya 8, na ukifika juu yake mwenye nyumba ni Cyberdemon.