Homa kali kwa mtu mzima aliyetoka msitu wa Amazoni: namna ya kuiwahi toksoplasmosisi

Wengi wetu tumezoea kuiona toksoplasmosisi, ugonjwa unaoletwa na kimelea cha Toxoplasma, kwa wajawazito au kwa mgonjwa wa UKIMWI mwenye CD4 (chembe za kinga) za chini. Guyana ya Kifaransa na Surinam, upande wa Amazoni huko Amerika Kusini, mambo ni tofauti. Aina za kimelea zinazozunguka msituni kati ya jagwa, puma na wanyama wanaowindwa humlaza mahututi hata kijana mwenye afya tele. Mwaka 2002 mtafiti Bernard Carme na wenzake wa Cayenne, mji mkuu wa Guyana ya Kifaransa, walieleza wagonjwa 16 wa namna hiyo. 14 kati yao mapafu yaliguswa.

Hatua ya 1: Uliza alikula na kunywa nini. Kuuliza "ulisafiri wapi?" hakutoshi. Nyama ya porini iliiva hadi katikati, au ilibabuliwa juu na ndani bado nyekundu? Maji ya mto yalichemshwa? Akisema walitia vidonge vya klorini, usitulie: klorini haiui mayai ya kimelea hiki. Rudi nyuma wiki tatu hadi nne.

Hatua ya 2: Hesabu pumzi. Utakuta homa iliyopita wiki nzima, kukonda, kichwa kuuma, pengine tezi zilizovimba, na vimeng'enya vya ini vimepanda. Lakini hatari iko kifuani. Hesabu pumzi kwa dakika kamili, pima oksijeni, piga picha ya kifua, kisha rudia vipimo hivyo zamu kwa zamu. Anayeongea vizuri asubuhi anaweza kuhitaji mashine ya kupumulia siku chache tu baadaye.

Hatua ya 3: Pima. Malaria kwanza, halafu dengi, leptospirosisi, homa ya Q na VVU. VVU ikiwa hasi, usiifute toksoplasmosisi. Omba kingamwili zake, IgM na IgG. Siku za mwanzo majibu yanaweza kutoka hasi, kwa hiyo rudia baada ya wiki moja au mbili. Penye PCR (kipimo cha vinasaba vya kimelea), peleka damu au majimaji ya mapafu.

Hatua ya 4: Anza dawa. Mapafu yakiwa yameguswa na historia inaelekeza huko, usingoje majibu ya maabara. Pirimethamini na sulfadiazini, pamoja na asidi ya foliniki. Nasisitiza foliniki, vidonge vya foliki tunavyowapa wajawazito havifai hapa. Pirimethamini hukandamiza uboho, hivyo pima chembe za damu kila wiki. Sulfadiazini hutaka maji mengi ili figo zisizibe. Dawa hizo zikikosekana, kotrimoksazoli hutumika.

Hatua ya 5: Tafuta wenzake. Nyama ya mawindo huliwa na wengi. Kijijini Patam, Surinam, kati ya mwisho wa 2003 na mwanzo wa 2004, waliugua watu 11, na kukawa na vifo. Mwambie mgonjwa ataje kila aliyekula naye, na uwapigie simu siku hiyohiyo, ukianza na mjamzito.