Kibla, Dira na Msitu: Kuanza Orienteringi Ukiwa Ughaibuni

Nilipokwenda likizo Tanga mara ya mwisho nilibeba dira niliyonunua Uswidi. Nilitaka kuwaonyesha wapwa zangu orienteringi, mchezo wa kutafuta vituo msituni kwa ramani na dira, unaonitoa nyumbani kila Jumapili. Tulikuwa barazani, Ngamiani, nikaitoa mfukoni na kuilaza kiganjani. Sindano ikagoma. Ncha moja ilizama ikagusa kitako, na kila nilipozungusha mkono ilinifuata kama mtoto aliyeng'ang'ania kanga ya mama yake. Mjomba, aliyekuwa akinywa kahawa yake taratibu, aliitazama akacheka. Kisha akanyoosha kidole kwenye ukuta wa msikiti wa jirani, pale mihrabu ilipotokeza nje kama tumbo.

"Kaskazini kule, baba. Kibla. Hicho kisaa chako cha nini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Baadaye nilielewa kilichotokea, na wewe unayepanga kununua dira ni vizuri ukijue mapema. Dira nyingi husawazishwa kiwandani kufuata eneo zitakakotumika. Ulaya, sumaku ya dunia huivuta chini ncha ya kaskazini ya sindano, kwa hiyo mtengenezaji huongeza uzito kidogo upande wa pili ili ikae sawa. Ukiileta Tanga, nyuzi tano hivi kusini mwa ikweta, kinachovutwa chini ni ncha ya kusini, ambayo tayari imeongezewa uzito. Lazima izame. Zipo dira zenye sindano inayofanya kazi dunia nzima, ila bei yake imechangamka. Kama mchezo wako utakuwa huko huko ughaibuni, nunua ya kawaida na ukija nyumbani iache.

Mjomba naye alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Tanga iko longitudo 39 mashariki, na Makka inakaribia 40. Maana yake, mtu wa Tanga akisimama kuswali anatazama kaskazini karibu kamili. Tofauti ni nyuzi moja na kitu. Misikiti yetu yote ni dira za mawe. Hata majina tunayoyaita pande yametoka kwenye pepo: kaskazi huja na kaskazini, kusi huja na kusini. Mtoto wa pwani huingia kwenye mchezo huu akiwa na dira mwilini, na kazi yake kubwa ughaibuni ni kuipangua na kuipanga upya.

Nasema hivyo kwa sababu mimi iliniponza. Mara yangu ya kwanza msituni, nje kidogo ya Göteborg, ilikuwa mwezi wa saba na nilijiongoza kwa jua bila hata kufikiri. Tanga mwezi wa saba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Uswidi jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima, na kibla yao iko kusini-mashariki. Nilikwenda kwa kujiamini kabisa, nikatokea kwenye barabara ya magari upande usiofaa wa msitu, ramani imelowa jasho. Mzee mmoja aliyekuwa akitembea na mbwa alinionyesha njia. Alikuwa mpole sana, na hilo ndilo lililoniumiza.

Mchezo wenyewe ni huu. Unapewa ramani yenye vituo vilivyochorwa kwa duara na kuunganishwa kwa mstari. Pembetatu ni mwanzo, duara mbili moja ndani ya nyingine ni mwisho. Unavitafuta vituo kwa mpangilio wake, na njia ya kutoka kimoja hadi kingine unachagua mwenyewe. Porini, kwenye kituo, utakuta kitambaa cha rangi ya machungwa na nyeupe, na kijisanduku unachochomeka kadi ya elektroniki kikalia "pii". Anayemaliza kwa muda mfupi ndiye mshindi, lakini nusu ya watu unaowakuta pale wanatembea na wajukuu. Neno orientering lilianza kutumika kwenye jeshi la Uswidi mwaka 1886, mashindano ya kwanza ya raia yakafanyika Norway mwaka 1897, na shirikisho la kimataifa likaundwa mwaka 1961. Ndiyo maana nchi za Skandinavia mchezo huu uko kila mahali, hadi shuleni.

Sasa ramani, maana hapa ndipo wageni wengi hupotea kabla hata ya kuanza. Rangi zake si zile za ramani ya jiografia tuliyosoma darasani. Nyeupe si uwanja mtupu. Nyeupe ni msitu, msitu wa miti iliyoachana ambao mtu anaweza kukimbia ndani yake. Uwanja wa wazi ni njano. Kijani ni vichaka, na kadiri kijani kinavyokolea ndivyo utakavyong'ang'ana. Kijani kilichokolea kabisa usikiingie, zunguka. Bluu ni maji. Nyeusi ni mawe, majengo na njia. Kahawia ni kontua, yaani mwinuko wa ardhi, na kwa kawaida kila mstari ni mita tano za kupanda au kushuka. Mistari ikisongamana, jiandae kuhema. Mtu aliyewahi kupanda basi la kwenda milimani Lushoto anajua mistari iliyosongamana inavyofanana ikiwa barabara.

Kuna rangi moja ya hatari kwa adabu: kijani cha zeituni. Hiyo ni bustani au ua wa nyumba ya mtu. Usipite, hata kama inakuokolea dakika tatu. Uswidi sheria ya desturi inamruhusu kila mtu kutembea msituni hata kama msitu una mwenyewe, ila ruhusa hiyo haifiki kwenye ua wa nyumba.

Skeli ya msituni mara nyingi ni 1:10,000, kwa hiyo sentimita moja kwenye karatasi ni mita 100 ardhini. Pima hatua zako kabla hujaenda. Tafuta mita 100 zilizopimwa uwanjani, tembea, na uhesabu kila mguu wa kulia unapogusa chini. Kumbuka namba yako tu, ya jirani haikuhusu.

Ukishika ramani, igeuze mpaka kaskazini ya karatasi ielekee kaskazini ya dunia. Mistari ya kaskazini imechorwa kufuata sumaku, kwa hiyo hakuna hesabu ya kuongeza wala kupunguza; unalinganisha sindano na mistari, basi. Ukikata kona, mwili unageuka na ramani inabaki imeelekea kule kule. Wapo watakaokucheka unasoma maandishi kichwa chini. Waache. Kidole gumba kiweke pale ulipo, na kila ukisogea kisogeze. Ukitoa kidole ili ujifute jasho, tayari umepotea.

Kuhusu kuchagua njia, sisi watu wa Tanga tuna mazoezi ya miaka mingi bila kujua. Ukimwelekeza mgeni nyumbani humwambii nyuzi wala mita. Unamwambia: fuata barabara ya lami mpaka msikitini, ukiuona mwembe ingia kushoto, nyumba ya tatu, ina mlango wa kijani. Basi umeshamfundisha orienteringi. Barabara ya lami ni kitu kirefu cha kufuata, kama ua, mfereji au njia ya umeme. Msikiti ni mahali pa hakika karibu na unapokwenda. Kuanzia hapo tu ndipo unapopunguza mwendo na kuhesabu nyumba. Msituni ni vile vile: kimbia kwenye njia mpaka kwenye daraja, daraja ndilo msikiti wako, kisha polepole kwa dira mita 80 hadi kwenye jiwe. Kosa la wanaoanza ni kukata moja kwa moja kutoka mwanzo hadi kwenye jiwe kama kunguru.

Kupata pa kuanzia ni rahisi kuliko unavyodhani. Uingereza, tovuti ya British Orienteering ina orodha ya klabu na matukio. Uswidi na Norway wanatumia mfumo unaoitwa Eventor. Kama unaona aibu kukutana na watu siku ya kwanza, miji mingi ya Uswidi ina Hittaut: unapata ramani bure, nguzo zimesimikwa mjini na msituni, unakwenda siku unayotaka bila saa ya mtu. Mimi nilianzia huko, na jirani yangu Mkenya hajatoka huko mpaka leo. Anasema inamtosha.

Ukienda kwenye tukio, omba njia ya wanaoanza. Uingereza hupangwa kwa rangi, nyeupe na njano zikiwa nyepesi kabisa, kisha machungwa. Uswidi nao wana rangi lakini hazilingani na za Waingereza, kwa hiyo sema tu "nybörjare", yaani anayeanza, watakuelewa. Usichukue njia ngumu kwa sababu unacheza mpira kila Jumamosi. Mapafu hayasomi ramani. Na angalia saa vizuri: saa 10 yao ya asubuhi ni saa nne yetu, nimeshawahi kumsubiri rafiki ambaye bado alikuwa akinywa chai kwake.

Viatu vya zamani vyenye meno vinatosha. Vaa suruali ndefu na shati la mikono mirefu kwa sababu ya miiba, upupu wao na kupe. Dada zetu wanaojistiri hawana la kubadilisha, wamekuja wamevaa inavyotakiwa. Kupe usiwachukulie kama wale wa ng'ombe wa shangazi. Wa kule huambukiza ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na bakteria, kwa hiyo ukirudi jikague nyuma ya magoti, kwapani na kiunoni. Kadi ya elektroniki utaazimwa, ukiipoteza utailipa. Beba filimbi pia. Milio sita, unapumzika dakika moja, unarudia: hiyo ni kuomba msaada.

Kila kituo kina namba yake, kwa kawaida kuanzia 31. Isome kwenye kijisanduku na uilinganishe na karatasi yako kabla ya kuchomeka kadi, kwa sababu msituni humo humo kuna vituo vya njia nyingine, na kitambaa ni kile kile. Na hata ukichoka, ukakata tamaa, ukapita vituo vinne bila kuviona, lazima upite mwisho na kadi yako isomwe. Usiende moja kwa moja kwenye gari. Wasipokuona wataingia msituni kukutafuta, gizani, kwenye baridi, nawe uko nyumbani unakula wali.

Ukija likizo usiache. Kuna chombo cha bure mtandaoni kinachoitwa OpenOrienteeringMap. Kinachukua data za OpenStreetMap na kukuchorea ramani ya mitaa, unaweka vituo vyako, unachapa. Ngamiani inafaa sana kwa sababu barabara zake zina namba, mtoto hawezi kupotea mbali. Itembee kwanza wewe mwenyewe, maana vichochoro hubadilika na kuta hujengwa. Raskazone nayo ni nzuri asubuhi. Pale ndipo jeshi la Waingereza na Wahindi lilipotua Novemba 1914 bila kupeleleza ardhi sawasawa, likapigwa na jeshi dogo kuliko lao, na nyuki wakamalizia. Mapango ya Amboni yaache. Humo unaingia na mwenyeji anayeyajua.

Mimi niliweka vituo nane Ngamiani: mlango wa kuchongwa, nguzo ya umeme iliyoinama, bomba la maji. Ramani nilizichapa steshenari ya karibu. Mpwa wangu wa miaka tisa alikwama kituo cha tano, kwenye njia panda, karatasi imekunjana mkononi. Mama muuza vitumbua alimwona anavyozunguka.

"Unatafuta nini, mjukuu wangu? Nikuonyeshe?"

"Shikamoo bibi. Usiniambie!"

Akasimama, akautafuta msikiti kwa macho, akaigeuza ramani mpaka ikaelekea kibla. Kisha akakata kulia, mbio.