Unataka udaktari Marekani? Uliza haya kabla hujachagua chuo
Wadogo zangu mliopo hai skuli huku Marekani na ndoto ni udaktari, premed, yaani maandalizi ya chuoni ya kuomba shule ya udaktari, sio digrii jamani, unaweza kusoma hata historia ilimradi umalize baiolojia, fizikia, kemia na ile kemia ya oganiki inayoliza watu, kwa hiyo chuo kikijinadi eti premed yake ni kali usikurupuke. Wakikwambia asilimia 90 ya wanafunzi wao wanapokelewa shule za udaktari, uliza 90 ya wangapi? Maana kuna vyuo kamati ya chuo inakataa kumwandikia barua ya mapendekezo mwenye GPA (wastani wa alama) ndogo, huyo anakata tamaa haombi kabisa, halafu hesabu inatoka safi. Uliza mwaka wa kwanza walianza wangapi na waliofika kuomba ni wangapi, hapo ndo utaona sura zao zinavyobadilika. Na hela sasa, hii ni miaka 4 ya digrii ya kwanza tu, bado 4 ya udaktari wenyewe, chuo cha serikali cha jimbo lako kikikupa nafuu nzuri kichukue. Hospitali nayo iwe karibu, ya kufika kwa basi, maana kujitolea wodini bila gari ni mtihani kwelikweli.